Wilaya ya Shule Inapoomba Kuachana na Kanuni za Jimbo: Maswali ya Wasomaji

Kwa muda sasa wasomaji wetu wanaoishi Marekani wamekuwa wakituandikia kuhusu jambo moja ambalo linagusa watoto wao moja kwa moja, nalo ni uhuru ambao mabunge ya majimbo yanazipa wilaya za shule wa kutofuata baadhi ya kanuni za elimu za jimbo. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe linadai hivyo.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninaishi Texas na nina watoto watatu shuleni. Hivi karibuni mwanangu alirudi na barua inayosema kwamba wilaya yetu inaandaa mpango wa kuwa "wilaya ya ubunifu", na kwamba mpango huo utaiondolea masharti kadhaa ya sheria za jimbo. Barua imejaa namba za vifungu ambazo sizielewi. Mtoto wangu wa kati yuko darasa la tatu na bado anasaidiwa kujifunza Kiingereza, na mdogo wake yuko katika elimu maalumu kwa sababu ya tatizo la kusikia. Je, misaada hiyo ndiyo inayoondolewa? (Mama wa watoto watatu, Texas)

JIBU: Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana, misaada hiyo haimo katika mambo ambayo wilaya inaweza kuyakwepa kwa mpango wa aina hii. Imeshikiliwa na sheria za nchi nzima, ambazo bunge la Texas halina uwezo wa kuzilegeza. Haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu ya umma inayomfaa ilitungiwa sheria na Bunge la Marekani mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika shauri la Lau dhidi ya Nichols lililotoka San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumweka darasani mtoto asiyejua Kiingereza, ukampa vitabu vilevile na mwalimu yuleyule bila msaada wowote wa lugha, si kumtendea sawa na wenzake. Sheria ya Texas yenyewe nayo imeweka mpaka: masharti yote yanayozibana shule za mkataba, yaani zile zinazoendeshwa na asasi kwa fedha za umma, yanaendelea kuzibana wilaya za ubunifu, na miongoni mwa masharti hayo ni elimu maalumu na elimu ya lugha mbili. Mtaala wa jimbo, masharti ya kuhitimu, mitihani ya jimbo na upimaji wa matokeo ya wilaya pia haviguswi.

Sasa tuje kwenye yale yanayoguswa. Bunge la Texas lilipitisha sheria ya wilaya za ubunifu mwaka 2015, na tangu wakati huo wilaya nyingi za jimbo hilo, kubwa na ndogo, zimejiunga. Wilaya haiombi kibali kwa kamishna wa elimu, na hapo ndipo sheria hii inapotofautiana na misamaha ya zamani ambayo iliombwa mmoja mmoja. Bodi ya shule inafanya kikao cha hadhara, kamati inaandika mpango unaotaja kila kifungu ambacho wilaya inataka kuondolewa na sababu yake, mpango unawekwa kwenye tovuti ya wilaya kwa siku zisizopungua 30, kamati ya wilaya inayowajumuisha walimu na wazazi inaupigia kura hadharani, kisha bodi yenyewe inaupitisha kwa theluthi mbili ya wajumbe. Katika bodi ya wajumbe 7, ambayo ndiyo ya kawaida kule, hiyo ina maana ya kura 5. Kamishna hujulishwa tu.

Ukiusoma mpango wa wilaya yako, yamkini utakutana na vifungu ambavyo wilaya nyingi huvitaja. Kimoja ni tarehe ya kufungua shule, kwa kuwa sheria ya jimbo inakataza kuanza masomo kabla ya Jumatatu ya nne ya Agosti, na wilaya nyingi hupenda kuanza mapema zaidi ili muhula wa kwanza umalizike kabla ya Krismasi, na wanafunzi wasirudi Januari kufanya mitihani ya masomo waliyoyaacha wiki mbili nyuma. Mimi sioni ubaya katika hilo, na kama wilaya yako imeomba kifungu hicho peke yake, usikose usingizi. Kingine ni ukubwa wa darasa. Tangu mageuzi ya mwaka 1984, ambayo tajiri Ross Perot aliongoza kamati iliyoyapendekeza, Texas imekuwa na ukomo wa wanafunzi 22 kwa darasa katika madarasa ya chini, na leo ukomo huo unafika hadi darasa la nne. Wilaya isiyo na mpango wa ubunifu ikitaka kuuvuka inapaswa kuomba ruhusa kwa kamishna na kuwaarifu wazazi wa darasa husika, ilhali wilaya iliyojiondolea kifungu hicho haina tena wajibu wa kuomba.

Hapo ningekuomba usome kwa makini, kwa sababu mwanao wa darasa la tatu yumo ndani ya ukomo huo. Ushahidi kuhusu madarasa madogo katika miaka ya mwanzo si maneno ya mdomoni tu. Jimbo la Tennessee lilifanya jaribio kubwa kati ya mwaka 1985 na 1989, ambapo maelfu ya watoto waligawiwa kwa bahati nasibu kati ya madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 na yale ya wanafunzi 22 hadi 25, na waliokaa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, hasa watoto weusi na wa familia maskini. Kwa hiyo wilaya ikisema inataka kubadilika katika jambo hili, iulize: darasa la mwanangu litafika wanafunzi wangapi, na nani atanijulisha likivuka 22? Wilaya nyingine huandika katika mpango kwamba zitaendelea kulenga 22 na kwamba msimamizi mkuu ataitaarifu bodi pale idadi inapozidi. Nyingine hufuta kifungu na kunyamaza. Tofauti ya aina hizo mbili utaikuta katika sentensi mbili au tatu za mpango, na ndizo unazopaswa kuzitafuta.

SWALI: Mimi nilikulia mahali ambapo wizara moja ndiyo iliyoamua kila kitu, kuanzia mtaala hadi rangi ya daftari la mahudhurio. Hapa Ohio naambiwa kuna wilaya, jimbo na serikali ya shirikisho. Ni nani hasa mwenye shule? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Mwenye shule kisheria ni jimbo. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho ya Kumi, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanaliachia kila jimbo au wananchi mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa. Katiba za majimbo ndizo zinazoamuru kuwepo kwa shule za umma. Wilaya za shule, ambazo ziko takriban 13,000 nchi nzima, zimezaliwa na sheria za majimbo, na jimbo linaweza kuziunganisha, kuzigawa au hata kuchukua uendeshaji wake. Hawaii imekwenda upande mmoja kabisa, kwa kuwa jimbo zima ni wilaya moja. Serikali ya shirikisho inaingia kwa njia mbili: fedha zake, ambazo ni sehemu ndogo ya bajeti ya shule, na sheria za haki za raia.

Hata hivyo, mazoea yana nguvu zake. Shule nyingi zilijengwa na wakazi wa kijiji au mji kabla jimbo halijawa na ofisi ya elimu yenye uzito wowote, na kodi ya ardhi na majengo bado hubeba sehemu kubwa ya gharama. Ndiyo maana mzazi wa Kimarekani huiona bodi ya shule kuwa ni yake, ingawa sheria inaiona kuwa ni mkono wa jimbo, na ndiyo maana kila bunge la jimbo linapoongeza kanuni, baada ya miaka michache hutokea bunge jingine la kuzipunguza.

SWALI: Kazini kwetu yupo mzee mmoja Mmarekani mweusi, mtaratibu sana. Siku moja tulikuwa tukizungumzia kuwapa wenyeji uhuru zaidi wa kuendesha shule zao, nikasema nauona kuwa ni jambo jema. Alikunja uso akasema, "Waulize watu wa Prince Edward." Niliona haya kumuuliza zaidi. Alikuwa na maana gani? (Msomaji, Virginia)

JIBU: Ndugu yangu, mzee huyo alikupa somo kubwa kwa maneno machache, na ningependa kulieleza lote.

Prince Edward ni kaunti ya Virginia, na mji wake mkuu ni Farmville. Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16 aitwaye Barbara Johns aliwaongoza wanafunzi wenzake wa shule ya sekondari ya Moton, ya watoto weusi, kugoma kwa sababu shule ilikuwa imefurika kiasi kwamba baadhi ya madarasa yalifanyika katika vibanda vilivyoezekwa na kufunikwa kwa karatasi ya lami. Shauri lililotokana na mgomo huo lilikuwa moja kati ya mashauri matano ambayo Mahakama ya Juu iliyaunganisha katika uamuzi wa Brown wa mwaka 1954, uliotangaza kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha Katiba.

Viongozi wa Virginia waliamua kupinga. Mwanzoni upinzani uliongozwa na jimbo lenyewe, na mwaka 1958 gavana alifunga shule kadhaa zilizokuwa zimeamriwa na mahakama kuwachanganya wanafunzi. Januari 1959 mahakama zilizibatilisha sheria zilizotumika kufunga shule hizo. Kilichofuata ndicho kinachomkunjisha uso mzee wako. Bunge la jimbo halikusema tena kwamba shule zifungwe. Lilifuta sheria ya kuwalazimisha watoto kwenda shule, na likaiachia kila kaunti iamue yenyewe. Kwa lugha ya leo tungesema lilizipa wilaya uhuru dhidi ya kanuni za jimbo. Prince Edward ikautumia uhuru huo kwa kukataa kutenga hata senti moja kwa shule za umma. Shule zilifungwa mwaka 1959 na zikabaki zimefungwa kwa miaka mitano. Watoto wazungu walifunguliwa shule binafsi iliyosaidiwa kwa ruzuku za karo na nafuu za kodi. Watoto weusi, ambao walikuwa takriban 1,700, walibaki bila shule. Wengine walipelekwa kwa ndugu katika kaunti na majimbo mengine, wengine walifundishwa makanisani, na wengi walikosa miaka yote hiyo. Mwezi Mei 1964, katika shauri la Griffin, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kaunti haiwezi kufunga shule zake ili kukwepa Katiba wakati kaunti nyingine za jimbo hilohilo zinaendelea kuwafundisha watoto wake, na kwamba hakimu anaweza kuwaamuru viongozi wa kaunti watoze kodi zinazohitajika.

Sisemi kwamba bodi inayotaka kufungua shule wiki mbili mapema inafanana na wasimamizi wa kaunti ile, na nadhani kusema hivyo kungekuwa kuwadhulumu wote wawili, wanaotaka na walioumizwa. Lakini historia hiyo inatufundisha kuuliza swali ambalo wanasiasa hulipita haraka. Wanaposema "wenyeji waamue", wenyeji ni nani? Mwaka 1959 katika Prince Edward, wakazi weusi walikuwa wenyeji kama jirani zao, waliozaliwa pale na kulipa kodi pale, lakini hawakuwa na kiti katika chumba ambamo uamuzi ulifanyika. Uhuru wa wilaya unamfikia mzazi pale tu mzazi anapoweza kuwafikia wanaoutumia.

SWALI: Nilifundisha hesabu katika sekondari kwa miaka 11 kabla ya kuhamia Texas, na sasa nafanya kazi ghalani. Rafiki yangu ananiambia kwamba kwa kuwa wilaya za hapa zimejiondolea sharti la leseni ya ualimu, naweza kuajiriwa kesho bila hata karatasi moja. Je, niingie kwa mlango huo? (Mwalimu, Texas)

JIBU: Mwalimu, kwanza nakupa pole, kwa kuwa najua ni uchungu wa namna gani kuacha chaki ukashika masanduku. Rafiki yako alikuwa karibu na ukweli, lakini hali inabadilika.

Ni kweli kwamba sharti la leseni lilikuwa miongoni mwa masharti ambayo wilaya nyingi za ubunifu zilijiondolea. Lengo la awali lilielezwa kuwa ni kuziwezesha shule za vijijini kumwajiri fundi wa kuchomelea vyuma afundishe kuchomelea, au muuguzi afundishe masomo ya afya, watu ambao wana ujuzi lakini hawana sababu ya kukaa chuoni miaka ya ziada. Lengo hilo nalikubali bila kusita. Baada ya janga la UVIKO, hata hivyo, uhaba wa walimu uliisukuma ruhusa hiyo mbali na karakana hadi kwenye madarasa ya watoto wanaojifunza kusoma, na ilifika mahali ambapo takriban theluthi moja ya walimu wapya walioajiriwa katika jimbo zima hawakuwa na leseni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walionyesha mwaka 2024 kwamba wanafunzi waliofundishwa na walimu wapya wasio na leseni walirudi nyuma kwa miezi kadhaa ya masomo katika kusoma na hesabu, isipokuwa pale ambapo mwalimu huyo alikuwa amewahi kufanya kazi katika shule za umma hapo kabla. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayoanza kuwaondoa walimu wasio na leseni hatua kwa hatua katika masomo makuu, na hesabu ni mojawapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usitegemee mlango unaofungwa. Jimbo lina utaratibu wa kupitia sifa za walimu waliosomea nje ya Marekani, na hatua ya kwanza ni kupeleka hati zako za chuo kwenye taasisi inayotambuliwa ili zifanyiwe tathmini, somo moja baada ya jingine. Wakati hilo linaendelea, omba kazi ya mwalimu msaidizi au ya kujaza nafasi ya mwalimu asiyekuwepo, ili uyajue madarasa ya huku na wakuu wa shule wakujue. Wewe si mtu ambaye sheria hiyo mpya ilikusudia kumzuia. Una miaka 11 ya kazi, na leseni itaigeuza kuwa kitu ambacho hakuna bodi itakayokuja kukunyang'anya kwa kura ya siku moja.

Nami niseme waziwazi kile ninachokiamini, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Kanuni zinazopanga saa na tarehe za watu wazima zinaweza kuachiwa wilaya bila hofu kubwa. Kanuni zinazosema nani asimame mbele ya mtoto wa miaka sita na ni watoto wangapi wamzunguke mtu huyo, hizo jimbo lisiziachie kwa wepesi, maana mtoto wa wilaya maskini ndiye atakayepewa mwalimu asiyeandaliwa, si kwa sababu bodi yake ni mbaya, bali kwa sababu bodi yake haina mshahara wa kumvutia mwingine.

SWALI: Tuko Missouri. Wilaya yetu ina siku nne za masomo kwa wiki, na Jumatatu watoto wako nyumbani. Mimi na mume wangu tunafanya kazi za zamu. Wanasema wanaokoa fedha. Je, jimbo linaruhusu? (Mama wa Wawili, Missouri)

JIBU: Linaruhusu, dada. Missouri hupima mwaka wa shule kwa saa, na kiwango cha chini ni saa 1,044. Wilaya ikizitimiza kwa kurefusha kila siku, inaweza kupunguza siku za wiki. Mwaka 2024, hata hivyo, jimbo lilirudisha sehemu ya uamuzi kwa wapiga kura: wilaya zilizo katika miji yenye wakazi zaidi ya 30,000, au katika kaunti kubwa zenye katiba zao, zinahitaji idhini ya wananchi kwa kura ili kuwa na wiki ya siku nne, na wilaya zinazobaki na siku za kutosha zinaahidiwa fedha za ziada. Angalia kwanza kama wilaya yenu imo katika kundi hilo.

Kuhusu fedha, hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika. Sehemu kubwa ya bajeti ya shule ni mishahara, na mwalimu halipwi pungufu kwa kufundisha saa zilezile katika siku nne. Kinachopungua ni mafuta ya mabasi, umeme na chakula. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa taasisi inayozishauri serikali za majimbo kuhusu elimu ulikuta kwamba wilaya zilizochunguzwa ziliokoa kwa wastani kati ya asilimia 0.4 na 2.5 ya bajeti. Sababu ya kweli katika wilaya nyingi za mashambani ni kuwapata walimu, kwa kuwa wilaya isiyoweza kushindana kwa mshahara hushindana kwa siku ya mapumziko. Utafiti wa shirika la RAND wa mwaka 2021 uliohusu majimbo kama Idaho, New Mexico na Oklahoma ulikuta familia nyingi na wanafunzi wakiipenda ratiba hiyo, huku matokeo ya mitihani yakipanda polepole zaidi kuliko katika wilaya za siku tano. Mnapokwenda kwenye kikao cha bodi, ulizeni nani anawalea watoto wa wafanyakazi wa zamu siku hiyo ya tano, na kama wilaya inatoa malezi na chakula siku hiyo. Baadhi ya wilaya hufanya hivyo kwa malipo madogo.

Naomba nitumie barua yako kugusia jambo ambalo wasomaji wawili wa California pia wameliuliza, kwa kuwa na lenyewe ni la fedha. California iliamua mwaka 2013, chini ya Gavana Jerry Brown, kufuta mafungu mengi ya fedha yaliyokuwa na matumizi maalumu na kuzipa wilaya fedha kwa kanuni moja: kiasi cha msingi kwa kila mwanafunzi, nyongeza ya asilimia 20 kwa mwanafunzi wa familia maskini, anayejifunza Kiingereza au anayelelewa na walezi wa serikali, na nyongeza nyingine kubwa zaidi pale ambapo wanafunzi hao wanazidi asilimia 55. Wilaya inaamua yenyewe namna ya kuzitumia, mradi iandike mpango wa miaka mitatu baada ya kuwashirikisha wazazi. Mpango huo naupenda, kwa kuwa umepeleka uhuru pamoja na fedha. Uhuru usio na fedha tumeuona Texas: mwaka 1968 wazazi wa wilaya ya Edgewood, San Antonio, walishitaki kwa sababu walijitoza kodi kwa kiwango kikubwa kuliko majirani zao wa Alamo Heights na bado wakaambulia dola 356 kwa mwanafunzi, dhidi ya dola 594 za majirani hao. Mahakama ya Juu iliwakatalia mwaka 1973 kwa kura 5 dhidi ya 4, na moja ya sababu ilizozikubali ilikuwa ni umuhimu wa wenyeji kuendesha shule zao. Udhaifu wa California ulionekana kwenye ufuatiliaji. Mkaguzi wa jimbo aliripoti mwaka 2019 kwamba fedha za nyongeza zisizotumika katika mwaka wake zilihesabiwa kuwa fedha za kawaida mwaka uliofuata, hivyo mzazi hakuweza tena kujua kama zilimfikia mtoto ambaye zilikusudiwa kumfikia.

SWALI: Mimi pia niko Texas. Mpango wa wilaya yetu ulishapitishwa kabla sijafika. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na mimi si raia. Je, kuna lolote ninaloweza kufanya, au ndiyo imekwisha? (Baba Mlezi, Texas)

JIBU: Haijakwisha, baba. Mpango wa wilaya ya ubunifu haudumu zaidi ya miaka mitano bila kuhuishwa, na kabla ya hapo bodi inaweza kuurekebisha au kuufuta kwa kufuata utaratibu uleule na theluthi mbili ileile. Kamishna naye anaweza kuusitisha endapo wilaya itapata alama zisizoridhisha kwa miaka miwili mfululizo, na ikifika mitatu analazimika. Tafuta kwenye tovuti ya wilaya mpango wenyewe na tarehe unapomalizika, kwa kuwa mwaka wa kuuhuisha ndio mwaka ambao kamati huundwa upya na wazazi hutafutwa kuingia humo.

Kupiga kura kuwachagua wajumbe wa bodi ni haki ya raia, lakini kuzungumza mbele yao si haki ya raia peke yao. Sheria ya Texas ya mwaka 2019 inailazimu bodi kumruhusu mtu yeyote wa umma azungumze kuhusu jambo lililo kwenye ajenda, kabla ya bodi kuliamua au wakati inalijadili. Bodi inaweza kuweka ukomo wa dakika. Na kwa mtu anayezungumza kupitia mkalimani, sheria hiyohiyo inaagiza apewe angalau mara mbili ya muda wanaopewa wengine. Kwa hiyo kama wenzako wanapewa dakika tatu, wewe na mkalimani wako mna sita. Pigia simu ofisi ya bodi siku chache kabla, andikisha jina lako na namba ya jambo la ajenda, na useme kwamba utazungumza Kiswahili.